Mbulu na Haki ya Kusimama Bila Chama

Tarehe 30 Agosti 1960, wapiga kura wa Tanganyika walipokwenda kuchagua Baraza la Kutunga Sheria ambalo lingezaa Serikali ya Madaraka na hatimaye Uhuru, viti vilivyotangazwa vilikuwa 71. Katika hivyo, 58 havikupata mashindano yoyote, kwa kuwa wagombea wa TANU walisimama peke yao wakapita bila kupingwa. Na katika 13 vilivyogombewa, TANU ilitwaa 12. Kimoja tu kiliiponyoka, nacho kilikuwa cha Mbulu. Nchi nzima, toka pwani ya Bahari ya Hindi hata Ziwa Tanganyika, ilikuwa imenena kwa kauli moja, na wakulima na wafugaji wa milima ile iliyo juu ya Bonde la Ufa, ambao lugha yao haina udugu na lugha za Kibantu za jirani zao, wakawa ndio pekee waliotoa kauli ya pili.

Aliyeteuliwa na TANU alikuwa Chifu Amri Dodo, mtu wa cheo na wa jina. Aliyemshinda ni Herman Elias Sarwatt, na jambo la kuangaliwa sana ni kwamba Sarwatt hakuwa adui wa TANU, wala hakupanda jukwaani kuupinga Uhuru au kuwatetea Waingereza; alikuwa mwanachama wa TANU kama mwenzake, ila aliomba kura kwa jina lake mwenyewe baada ya chama kumkabidhi mwingine bendera. Watu wa Mbulu waliitaka TANU, wakautaka Uhuru, na juu ya hayo wakataka pia kumchagua wenyewe mtu wa kwenda kuwasemea. Na kwa kuwa sheria iliwaruhusu kutimiza mataka yao yote matatu kwa siku moja, waliyatimiza, kisha wakarudi mashambani kwao. Uhuru haukuchelewa hata kwa saa moja kwa ajili ya kura yao.

Nimeyataja haya kwa kuwa yana hoja ndani yake. Haki aliyoitumia Sarwatt mwaka 1960, chini ya sheria iliyotungwa na mkoloni, raia wa Tanzania huru hana leo. Na hasara ya kuikosa, ambayo mijini hufunikwa na kelele za vyama na wingi wa magazeti, huonekana kinagaubaga katika jimbo la mashamba, ambako mgombea anajulikana kwa ukoo, kwa shamba, kwa deni lake dukani na kwa namna alivyomzika baba yake.

Tuichukue Masieda kwa mfano. Ni kata mojawapo ya nchi ile ya juu ya Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, na kwa hesabu za siasa imo katika jimbo la Mbulu Vijijini, lililopatikana mwaka 2015 jimbo la zamani la Mbulu lilipokatwa mapande mawili, mji ukapewa mbunge wake na vijiji vikapewa wake. Wakazi wake aghalabu ni Wairaqw, ambao wazee wao walitoka Irqwar Da'aw, nchi iitwayo pia Mama Isara, wakaenea kusini na magharibi kadiri misitu yenye mbung'o ilivyofyekwa na malisho kuwa salama katika karne iliyopita. Kando yao wapo Wadatoga na ng'ombe zao. Na chini bondeni, upande wa Yaeda Chini, wapo Wahadzabe, kaumu ndogo ya wawindaji na wachuma asali, ambao idadi yao ni haba kiasi kwamba hakuna mgombea aliyepata kushindwa kwa kuwasahau. Halmashauri ya wilaya ina makao yake Dongobesh. Hospitali kubwa ni ile ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwe mwaka 1955, nayo hupokea wagonjwa kutoka mikoa kadhaa ya jirani.

Mtu wa huko anapotaja siasa hataji ujamaa wala ubepari. Hutaja njia, maji, zahanati, josho, mbegu zilizochelewa, na bei ya mahindi, maharage na alizeti siku mlanguzi anapofika na mizani yake. Yote haya yana anwani: la maji lina ofisi yake, la njia ya kijiji lina TARURA, la barabara kuu lina TANROADS, na la zahanati lina mganga mkuu wa wilaya; lakini raia hana njia ya kuzifikia anwani hizo ila kwa kupitia watu wanne, ambao ni mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti wa kijiji, diwani na mbunge. Watumishi wa serikali, yaani mtendaji wa kijiji na mtendaji wa kata, huletwa na kuhamishwa kwa barua. Wale wanne ndio pekee ambao mwananchi anaweza kuwaweka na kuwaondoa; na kama kuwaweka kwenyewe kumetoka mikononi mwake, basi hana kilichobaki ila kuomba.

Angalia mkutano wa kampeni unavyokwenda katika vijiji vya namna hii. Asubuhi gari la matangazo hutangulia, vipaza sauti vimefungwa juu ya paa, likipiga nyimbo zilizotungwa mjini. Nyuma yake huja vijana wa bodaboda waliotiliwa petroli, wakivuma barabarani kwa honi na vumbi. Wanawake hugawiwa khanga na fulana za rangi ya chama, vijana hugawiwa kofia. Jukwaa hufungwa kwenye uwanja wa shule au penye mnada, viti vya plastiki hupangwa mbele kwa ajili ya wageni, na wazee huketi kando kivulini, mashuka mabegani na fimbo magotini, wakitazama. Mgombea husema Kiswahili, kama kampeni zinavyotakiwa, akianza na salamu ya chama ambayo kiitikio chake kila mtu amekwisha kufundishwa. Mahali pengine mzee mmoja huombwa afungue kwa slufay, dua ndefu ya Kiiraqw ya kuombea mvua, mifugo, wana na amani, ambayo husemwa kwa mafungu mafupi, na kila fungu hadhara huliitikia kwa sauti moja. Anayesikiliza kwa makini atatambua kuwa maitikio mawili haya hayana uzito mmoja: lile la dua hutoka kwa watu walioafiki, na lile la salamu hutoka kwa watu walioalikwa.

Na wanajua kwamba wamealikwa. Siku mkutano huo unapofanyika, shauri kubwa limekwisha kukatwa zamani. Fomu zilichukuliwa miezi iliyotangulia. Kura za maoni zilipigwa ndani ya chama, pengine na wanachama wote, pengine na wajumbe wa mkutano wa jimbo peke yao. Kisha majina yakapanda wilayani, mkoani, hata kwenye vikao vya taifa, ambavyo vina mamlaka ya kumwacha wa kwanza na kumchukua wa pili au wa tatu bila kulazimika kumweleza mtu wa Masieda sababu. Katika jimbo ambamo chama kimoja kina nguvu kupita vingine vyote, uchaguzi wa hakika ni huo wa ndani, nao una wapiga kura wachache. Na palipo na wapiga kura wachache, bahasha hutosha. Wananchi wengine wote, maelfu kwa maelfu, huletewa jibu wakaambiwa walikubali au walikatae. Na katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 hata hilo la kukataa halikuwapo katika sehemu nyingi za nchi, kwa kuwa wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi, vyama vyao vikasusa, na CCM ikatwaa zaidi ya asilimia 99 ya viti vya vijiji.

Asidhani mtu kuwa watu wa Mbulu wameridhia hali hiyo kwa tabia yao. Mwaka 1995, katika uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi kurudi, Dakta Wilbrod Slaa, mwana wa Karatu, nchi iliyokuwa zamani sehemu ya Mbulu, alipendwa na watu wake katika kura za maoni za CCM, lakini vikao vya juu vikamwacha. Angalikuwa na ile ruhusa ya Sarwatt, angalisimama kwa jina lake. Hakuwa nayo, akahamia CHADEMA, akashinda, akakishika kiti hicho kwa miaka 15, na mwaka 2010 akawa mgombea urais wa chama hicho. Mwaka huohuo wa 2010 jimbo la Mbulu lenyewe lilimwondoa Philip Marmo, aliyekuwa mbunge wake kwa muda mrefu na Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Waziri Mkuu, likampa kiti Mustapha Akunaay wa CHADEMA. Na jirani zao wa Hanang, ambao mbunge wao Frederick Sumaye alikuwa Waziri Mkuu kwa miaka kumi toka 1995 hata 2005, walimwona mwaka 2015 akikihama chama kilichomkuza, kisha mwaka 2020 akikirudia.

Mambo haya matatu si ya namna moja, lakini yana fundisho moja. Mwenye kukubalika na watu wake asipokubalika na chama chake hana budi kutafuta chama kingine, apende asipende itikadi yake, ajue asijue katiba yake, na siku ile ile anakuwa mdeni wa viongozi wapya kama alivyokuwa mdeni wa wale wa zamani. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Nasi tumeona wangapi, katika miaka hii zaidi ya 30 ya vyama vingi, wakivaa joho la chama hiki asubuhi na la kile jioni, wakaitwa wasaliti na huku, wakaitwa mashujaa na kule, hali wao wenyewe hawakubadilika chochote ila walikuwa wakitafuta mlango. Sheria inayomlazimisha mtu mwadilifu kukiri imani asiyokuwa nayo ili apate kuwatumikia jirani zake ni sheria inayofundisha unafiki, na unafiki ukishakuwa sharti la kugombea, tusistaajabu kuukuta bungeni.

Tena kuna hasara nyingine, ya yule aliyepita. Mwezi Mei 2022, Bunge lilipokuwa likijadili bajeti ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, mbunge wa Mbulu Vijijini wa wakati ule, Flatei Massay wa CCM, baada ya kueleza tena shida ya barabara ya Karatu, Mbulu, Haydom hata Sibiti, ambayo wapiga kura wake walikuwa wakiahidiwa lami uchaguzi baada ya uchaguzi, alipiga sarakasi mbele ya wabunge wenziwe. Nchi ilicheka, picha zikasambaa kwenye simu, na waungwana kadhaa wakasikitika kuwa heshima ya Bunge imeshushwa. Mimi sikuona cha kucheka. Kila masika njia ile hugeuka tope. Lori la mahindi hulala pale pale lilipokwama. Mjamzito anayepelekwa Haydom husukumiwa gari na watu wasiomjua. Mbunge anayetoka kwa watu wa namna hiyo, akiwa ni wa chama kinachotawala, ana silaha gani? Kura yake dhidi ya bajeti? Katiba, katika ibara ya 71, inasema kuwa mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka basi amekoma kuwa mbunge. Na anayemkomesha uanachama ni chama. Hawezi kuinyima serikali kura bila kuhatarisha kiti, wala hawezi kuweka jina lake mbele ya wananchi wake bila chama uchaguzi ujao. Akabakiwa na viungo vya mwili wake, akavitumia. Sarakasi ile ilikuwa hoja ya kikatiba iliyosemwa kwa miguu.

Namna mlango huu wa kugombea bila chama ulivyofungwa ni kisa cha kusikitisha, nacho kinafaa kikumbukwe kwa tarehe zake. Mageuzi ya mwaka 1992 yaliyorudisha vyama vingi yaliweka sharti kwamba mgombea awe mwanachama wa chama na awe amependekezwa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti hilo katika Mahakama Kuu mjini Dodoma, na Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akaamua kuwa raia anayo haki ya kugombea bila ya chama. Bunge likaibadili Katiba mwaka huohuo, likalifunga lililofunguliwa. Mtikila, mtu asiyechoka, akarudi mahakamani. Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa haki tena. Serikali ikakata rufaa, na Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikasema kuwa shauri hilo ni la siasa, waliamue wanasiasa. Hapo akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, mji ambao Mbulu ilitawaliwa kutokea huko kabla ya mkoa wa Manyara kuzaliwa mwaka 2002. Na tarehe 14 Juni 2013 majaji wa Afrika wakatamka kuwa Tanzania imevunja haki ya raia wake ya kushiriki katika utawala wa nchi yake. Mtikila alifariki katika ajali ya gari Oktoba 2015. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilimkubali mgombea huru, lakini kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa Aprili 2015, haikupigwa. Sheria za uchaguzi za mwaka 2024 ziliipa Tume ya Uchaguzi jina jipya, zikaliacha katazo hilo kama lilivyokuwa.

Wanaolitetea katazo wana hoja, na insafu hututaka tuzisikilize. Hoja ya kwanza ni umoja wa taifa: kwamba mtu asiye na chama ataegemea kabila, ukoo au dini, na katika jimbo lenye Wairaqw wengi, Wadatoga wachache na Wahadzabe wachache zaidi, mgombea binafsi hatakuwa mtu binafsi bali mwakilishi wa ukoo. Hofu hii si ya kudharauliwa. Lakini tiba yake tunayo, tena ilitungwa hapa hapa. Katika uchaguzi wa 1965, chini ya chama kimoja, wananchi wa karibu kila jimbo waliwekewa wana-TANU wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Wakazungushwa pamoja jukwaa kwa jukwaa, wakatakiwa kusema Kiswahili, wakakatazwa kutaja kabila, dini na rangi. Watu wakachagua mtu kwa sifa zake, na wakubwa wakaanguka, hata Waziri wa Fedha Paul Bomani. Yaani lile ambalo Mbulu ilijifanyia peke yake mwaka 1960, miaka mitano baadaye likawa kanuni ya nchi nzima, na nchi haikupasuka. Ikiwa katazo la kutaja kabila liliwafunga wenye chama, litamfunga na asiye na chama.

Hoja ya pili ni fedha: kwamba tajiri atajinunulia kiti. Hapana shaka wapo watakaojaribu. Lakini mwenye fedha ambaye leo hununua wajumbe mia chache wa chama atapata taabu zaidi kununua jimbo zima, na ughali wa kununua ni kinga kubwa kuliko nasaha zote za maadili. Hoja ya tatu ni utulivu wa serikali: kwamba Bunge lenye watu huru halitawaliki. Tuwatazame jirani. Uganda ilipata wabunge huru zaidi ya 70 katika uchaguzi wa 2021, na serikali yake haikukosa wingi hata siku moja. Kenya, ambayo Katiba yake ya 2010 inamruhusu mgombea huru, ilipeleka 12 katika Bunge la Taifa mwaka 2022. Malawi, nchi ya wakulima kama sisi, ilikuwa na wabunge huru 55 kati ya 193 baada ya uchaguzi wa 2019, na serikali haikukwama. Afrika Kusini iliufungua mlango huo kwa amri ya Mahakama ya Katiba ya Juni 2020, na katika uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo, mwaka 2024, hakuna mgombea huru hata mmoja aliyepata kiti. Basi haki hii haileti mafuriko wala haimhakikishii mtu ushindi. Ila vyama, vikijua kwamba inaweza kutumiwa, hulazimika kuuliza kwanza watu wa mahali wanamtaka nani.

Hapo ndipo ilipo faida yake kubwa, hata pale ambapo hakuna anayeitumia. Kikao cha juu kinapopitia majina, leo hakina la kuhofu: aliyekatwa hana pa kwenda ila kwa jirani mwenye njaa ya wagombea, na akienda huko kuna namna ya kumpaka tope. Lakini kikao kinachojua kuwa aliyekatwa anaweza kurudi kijijini, akakusanya sahihi za watu kadhaa, akaandikisha jina lake na kusimama, kitafikiri mara mbili kabla ya kumpelekea Masieda mtu asiyejulikana Masieda. Hili lingewafaa wana-CCM wenyewe kuliko wapinzani, kwa maana katika jimbo kama Mbulu Vijijini wao ndio wengi wanaotendewa dhuluma ya ndani.

Kwa hiyo, ikiwa Bunge laona uzito kulifungua lango lote kwa mara moja, lianze chini. Uenyekiti wa kitongoji na wa kijiji ni kazi ya kusuluhisha mipaka ya mashamba, kusimamia michango na kuitisha mkutano mkuu wa kijiji. Hakuna sera ya CCM wala ya CHADEMA juu ya ng'ombe aliyeingia katika mahindi ya jirani. Ngazi hizo ziachiwe wazi kwa kila raia mwenye umri na sifa, mwenye chama na asiye na chama, katika uchaguzi wa serikali za mitaa ujao, kisha udiwani, na ibara ya 67 ya Katiba ifanyiwe marekebisho ili ubunge ufuate. Sharti la sahihi za wadhamini lizuie wenye mzaha, dhamana ya fedha iwe ndogo ili isimzuie maskini, na sheria ya kutotaja kabila na dini iwabane wote sawasawa. Gharama ya haya ni ndogo, na uamuzi wa mahakama ya bara letu unayadai toka mwaka 2013. Watu waliokwisha kuonyesha mwaka 1960, kabla bendera yetu haijapanda, kwamba wanaweza kukipenda chama na kumkataa mgombea wake, hawahitaji kufundishwa demokrasia. Wanahitaji kurudishiwa karatasi ya kura yenye nafasi ya jina la mtu wanayemtaka wao.